Swichi Chini ya Kiti

Ijumaa, alasiri. Injini baridi.

Kinoo alilamba vidole vyake kimoja kimoja, kisha akavifuta kwenye kiti cha gari.

Kiti kilikuwa cha ngozi nyeupe, kimeshonwa kwa mkono. Fundi aliyatazama mafuta yale yakiingia kwenye uzi. Kinoo ndiye aliyekuwa mkubwa wa genge, na katika chumba kile cha nyuma ya gereji hakuna aliyemkosoa mara mbili.

"Kesho," alisema Kinoo, "msafara wa magari ya kale unapita mtaa wa maduka. Askari wamefunga njia zote kwa ajili yao. Gari la kawaida halipiti. Hili linapita, na saluti linapigiwa."

Akalipiga boneti kofi. Lilikuwa gari dogo la michezo, jekundu, la viti viwili, lililoundwa kabla Fundi hajazaliwa. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mstaafu, zamani alikuwa akisambaza barua. Alilinunua likiwa kutu tupu, wakalifufua yeye na mkewe. Yeye akigonga bati, mkewe akishona viti. Mkewe alifariki kabla hata ya kulipanda. Sasa mzee alikuwa amelileta kwa Fundi litengenezwe.

"Mimi na Shemeji tunaingia kwa yule bibi sonara," Kinoo aliendelea. "Fundi, unabaki na gari, injini inawaka. Tukimaliza, navuta geti la chuma, napiga kufuli, bibi anabaki na makelele yake humo ndani. Shemeji anakwenda zake kwa miguu, anapotelea kwenye watu. Mimi na Fundi tunaingia kwenye msafara, polepole kama maharusi, mpaka nje ya mji."

Shemeji alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa mume wa dada yake Fundi, mrefu, mpole, mtu wa kusogeza kiti chake kabla hujamwomba. Tangu alipofukuzwa kazi bandarini alikuwa akimfuata Kinoo, na kila siku alisema hii ndiyo ya mwisho.

"Yule bibi tusimguse," alisema. "Ni mtu mzima."

Kinoo alicheka, mate yakamruka. "Kumbe nimeleta muuguzi."

"Hiyo polepole ndiyo taabu," Fundi alisema. "Umenifanya nifunge kabureta mbili na eksozi pana. Likikimbia, upepo unalipoza. Likitambaa, linachemka."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Nimeifanya. Rejeta nimebadili, hii ni nene mara mbili ya ile ya kwanza. Feni ya mkanda nimeitoa, nimefunga mbili za umeme. Lakini haziwaki zenyewe. Mzee hakutaka nitoboe dashibodi, kwa hiyo swichi nimeiweka chini ya kiti cha..."

Kinoo alikuwa akijichokonoa sikio kwa ufunguo wa gari. Alitazama alichokitoa, akakipangusa kwenye usukani. "Maneno mengi, Fundi. Wewe si utakuwemo?"

Mlango wa mbele ukagongwa. Fundi akatoka, akauvuta ule wa ndani nyuma yake.

Alikuwa Mzee mwenyewe, kofia mkononi.

"Sikuja kukusumbua, mwanangu. Nimepita tu. Kesho nitalipata?"

"Bado, Mzee. Kuna kifaa hakijafika."

Mzee aliivaa kofia yake. "Basi. Nitapanda na mwenzangu. Mwaka jana lilinichemkia katikati ya msafara, nikaona aibu. Lakini unajua, magari yote yalisimama. Kila mtu na dumu lake la maji. Sisi hatumwachi mtu njiani." Akamshika bega. "Umekonda. Unakula kweli?"

Fundi aliporudi ndani, Kinoo alikuwa akimwigiza yule mzee, midomo imekunjwa kama asiye na meno. "Kila mtu na dumu lake," alisema. "Majinga ya Mungu."

Jumamosi, asubuhi. Mshale wa joto umeanza kunyanyuka.

Dada alikuwa amewapigia pasi mashati yao wote wawili. Aliamini wanakwenda kulihudumia gari kwenye msafara. Akamkabidhi mdogo wake chupa ya maji baridi.

"Mgawane," alisema. Shemeji alipotangulia nje, alishusha sauti. "Huyo mtu anayemfuata simpendi. Nirudishie mume wangu, sikia?"

"Nimesikia, dada."

Chupa ile haikugawanywa. Kinoo aliikuta ndani ya gari, akasukutua, akatema kwenye kisahani cha majivu ya sigara ambacho Mzee alikuwa amekisugua mpaka kinang'aa. Kisha akainywa yote.

Msafara unakaribia. Mshale kati.

Jua lilikuwa la utosi. Fundi alikaa kiti cha abiria, mkono wa kushoto chini, kidole kwenye swichi. Feni zilivuma vizuri. Mtaa wote ulikuwa umejipanga kwenye kingo, watoto mabegani mwa baba zao, macho kule msafara unakotokea. Hakuna aliyetazama duka.

Kupitia geti la duka aliona kila kitu. Bibi sonara, mdogo kama mtoto wa shule, alinyoosha mikono juu kabla hajaambiwa. Kinoo alimsukuma hata hivyo. Bibi akaanguka, miwani ikateleza sakafuni, na Kinoo akaipiga teke kwenda pembeni, huku anacheka. Shemeji akajaza mkoba haraka, kichwa chini.

Wakageuka kutoka. Kinoo mbele na mkoba, Shemeji nyuma yake.

Hapo Shemeji alisimama. Akarudi hatua chache, akapiga magoti, akapapasa chini ya meza. Alikuwa akitafuta miwani ya bibi.

Kinoo alimwona. Fundi aliliona tabasamu lenyewe. Kinoo alitoka, akavuta geti, akapiga kufuli, ufunguo mfukoni. Akaingia garini, akautupa mkoba miguuni mwa Fundi.

"Yumo ndani," Fundi alisema. "Shemeji yumo ndani."

"Alitaka uuguzi. Amwuguze."

"Fungua, Kinoo."

Kinoo alifunua shati. Bastola ilikuwa imelala juu ya kitambi kilicholowa jasho. "Polisi wakipata mmoja, hawatafuti wawili. Nilikuwa natafuta namna, kanirahisishia mwenyewe. Dada yako bado mbichi, atapata mwingine."

Akapiga kijembe hicho kama mtu anayetema ganda, akaliingiza gari kwenye msafara. Askari wa njia panda alinyanyua mkono, akapiga saluti.

Harufu ya Kinoo ilijaa gari zima. Lakini Fundi alichukizwa zaidi na mikono yake mwenyewe. Ndiyo iliyofunga zile kabureta. Ndiyo iliyomfungia mlango Mzee.

Akabonyeza swichi. Feni zikanyamaza. Kwa ngoma na honi za mtaa ule, hakuna aliyesikia.

Mshale robo tatu.

Walitambaa. Mbele yao gari la kijani, nyuma yao la njano. Joto likaanza kupanda kwenye miguu.

"Mbona kama tanuri humu?" Kinoo aliuliza.

"Jua."

Mshale kwenye nyekundu.

Mvuke ulitoka kwanza kama uzi, kisha boneti lote likafunikwa. Injini ikakohoa, ikazima.

Kinoo alizungusha ufunguo mara tatu. "Fanya iwake," alisema.

"Haiwaki."

Gari la kijani likasimama. La njano likasimama. Milango ikafunguka mtaa mzima, na wazee wakaja mbio, mbio za wazee, kila mmoja na dumu lake.

"Lisukumeni kivulini."

"Taratibu, taratibu, tusije tukaliumiza."

"Hili si la yule wa barua?"

Kinoo alijaribu kutoka akimbie. Mwanamke wa makamo alimrudisha kwa upole, akampepea kwa kofia. "Pumzika, kaka. Usihangaike, tupo." Aligeuka huku, dumu. Aligeuka kule, dumu. Nyuma ya madumu, askari wawili walikuwa wakija kusaidia kusukuma.

Akapandwa na wazimu. Akafunua boneti, akashika kifuniko cha rejeta.

"Usifungue, subiri ipoe," watu watatu walisema kwa pamoja.

Akakizungusha.

Maji yalimpiga mkono mpaka begani. Alianguka chali, shati likafunuka, bastola ikagonga lami mbele ya kiatu cha askari.

Aliyekuwa wa kwanza kumwagia maji baridi kwenye ule mkono alikuwa Mzee. Alimwagia polepole, akisema, "Pole, pole, mwanangu," mpaka askari walipomwomba asogee.

Fundi alishuka na mkoba, akaunyoosha mbele. "Bibi sonara kafungiwa dukani," alisema. "Ufunguo umo mfukoni mwa huyu."

Askari mmoja alikimbia. Baada ya muda redio ya mwenzake ikakoroma: geti limefunguliwa, bibi ni mzima, amekaa kitini na miwani yake. Mlango wa nyuma uko wazi. Anasema mwizi aliyeingia alikuwa mmoja tu, mnene, mpiga mateke.

"Mmoja? Ana hakika?"

"Anasema ameona vizuri sana."

Fundi alifumba macho. Akilini akamwona dada yake akimfungulia mumewe mlango.

Alipoyafumbua, Mzee alikuwa amesimama kando ya gari lake. Aliziona kabureta mbili. Akakiona kisahani cha majivu chenye mate. Kisha kiti, na michirizi ya mafuta juu ya mshono.

"Uliniambia kuna kifaa hakijafika," alisema.

Fundi alitoa kitambaa mfukoni, akainama afute kabla pingu hazijafungwa.

"Usikiguse," Mzee alisema.

Hakupaza sauti. Alitoa leso yake, akailowesha, akaanza kufuta mwenyewe, akifuata uzi tundu kwa tundu. Hakuinua kichwa hata Fundi alipopitishwa mbele yake.