Mgomba wa Oundo

Yvonne alikuwa ameenda kununua mkate na maziwa ya chai, safari ya dakika tano, na bado alirudi mbio. Jua lilikuwa linazama upande wa Uganda. Wenye vibanda walishamzoea, yule msichana wa chuo anayeogopa giza. Laiti angekuwa anaogopa giza tu.

Alifunga mlango kwa komeo, akaburuta ndoo iliyojaa maji akauzuilia. Kisha akafungua kompyuta. Kwenye fomu ya mwalimu lilibaki swali moja. Eleza mlivyotengeneza video yenu ya muziki, na useme ungefanya nini tofauti.

Angefunga mdomo wake. Jibu ndilo hilo, lakini mwalimu alitaka kurasa mbili.

Wimbo ulikuwa wa Mathew, mwanafunzi mwenzake, kuhusu kijana aliyevuka mpaka akapotelea huko. Yvonne ndiye aliyekuwa mwelekezi na mshika kamera. Walitafuta boma la kuigizia mazishi, wakaelekezwa kwa Mama Petronilla, mjane aliyeishi kijijini Marachi. Mwanawe Oundo alivuka mpaka wa Malaba akiwa utingo wa malori, miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyemsikia.

Mama aliwakubalia papo hapo. Alikuwa na sharti moja tu.

"Hiyo kaburi yenu muite jina ya kijana yangu," alisema. "Muzike mgomba, vile watu wetu huzikia mtu amepotea. Nimechoka kungojea. Kila usiku nalala mlango wazi, eti labda atakuja."

"Yvo, hii ni kitu ya ukweli kabisa," Mathew alimnong'oneza, macho yakimng'aa. "Huyu mama atalia bila kuigiza."

Na kweli alilia. Watu wenye akili zao huuliza kwanza, huku na ng'ambo, hukaa na wazee wa ukoo, ndipo wazike gogo kwa jina la mtu. Hawa wawili walikuwa na haraka ya maksi. Walikata mgomba, wakauvisha shati kuukuu la Oundo, wakaulaza kwenye sanduku la mbao.

Yvonne alikuwa anapanga kamera, mwanga unaisha, alipomwona mtu langoni. Mwanamume mwembamba, begi begani, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amesimama katikati kabisa ya picha.

"Boss, toka hapo kidogo. Tunashuti."

"Hapa ni kwetu," alijibu kwa sauti ya chini. Alikuwa anatabasamu.

Siku nzima kila mpita njia alikuwa amedai hapo ni kwao, ili atokee kwenye video. Yvonne alikuwa amechoka nao.

"Sawa, ni kwenu. Lakini ngoja huko nyuma ya ua tumalize."

"Mkimaliza mtaniita?"

"Tutakuita."

Akaenda. Alitii kama mgeni mwenye adabu zake.

Sanduku likashushwa. Mama Petronilla akarusha udongo wa kwanza, akasema, "Oundo, lala baba." Nyuma ya ua mtu akakohoa. Mara moja tu... kikohozi kizito, cha mtu aliyepaliwa na udongo. Kisha ikaja harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi, kali, ikajaa boma lote. Yvonne aliyasikia yote hayo na hakuzima kamera. Mama alikuwa analia vizuri mno.

Alisahau kumwita yule mtu. Alipokumbuka na kwenda nyuma ya ua, alikuta begi peke yake. Ndani mlikuwa na leso mpya, miche miwili ya sabuni, na kitambulisho.

Oundo.

Alimtazama mama, aliyekuwa ameketi kizingitini akimwambia jirani kwamba leo, kwa mara ya kwanza, atafunga mlango alale. Yvonne aliona aibu, akaona hofu, halafu akafikiria maksi. Kaburi lilikuwa halijajaa. Alilitumbukiza begi humo, akachukua jembe, akalifukia mwenyewe.

Jioni iliyofuata, mjini, chumbani kwake, harufu ya mgomba ilitangulia. Halafu sauti nyuma ya mlango, ya upole, ya mtu asiyependa kusumbua.

"Mmemaliza?"

"Bado," alijibu. Nyayo zikaondoka.

Imekuwa hivyo wiki tatu. Kila jua likizama anaulizwa, naye anajibu bado. Ndiyo maana video haiishi. Mchana anaunganisha, jioni anafumua, na Mathew amemtukana mpaka amechoka. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuiwasilisha.

Maziwa yalikuwa hayajachemka harufu ilipoingia.

"Mmemaliza?"

"Bado, kaka. Bado kidogo."

Udongo ulidondoka mahali, chembe chembe. Simu ikatetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe wa Mathew.

"Yvo nimechoka kukungoja. Nimetuma ile kopi yangu kwa mwalimu na nimeiweka mtandaoni. TUMEMALIZA!"

Nje, mtu alicheka taratibu. Kilikuwa kicheko cha furaha, cha mtu aliyeona taa ya kwao. Nyayo zikaondoka, safari hii mbio. Harufu ikapungua, ikaisha.

Yvonne aliketi sakafuni. Alilia kwa nafuu, mjinga huyu, akadhani ameachiliwa.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Petronilla, kutoka Marachi, mwendo wa saa nzima kwa gari. Alikuwa ananong'ona.

"Yvonne, mama, kuna mtu kwa mlango. Ananuka mgomba. Anasema mmemaliza, nimfungulie."

Upande wa pili, nyuma ya pumzi za yule mama, mtu alikohoa mara moja.

"Anasema alifika siku ile, wewe ukamwambia angoje," mama alisema polepole. "Ulimwambia angoje nini?"