Paka Asiyetaka Kushikwa

Ruqia alikuwa na duka la nafaka mjini Migori. Kila asubuhi akifungua mlango, paka mweupe alitoka naye. Paka huyo aliitwa Bosi. Alikuwa mnene, na haya hakuwa nayo hata kidogo. Alilala juu ya gunia la maharagwe, wateja wakamkuna tumbo, naye akakoroma kwa raha.

Paka wa pili alikuwa wa kijivu. Huyo hakupewa jina. Alikuja mwenyewe kutoka sokoni akiwa tayari mkubwa, akaingia nyuma ya magunia na kukaa huko. Ukimwita, haji. Ukimkaribia, anatoroka.

"Huyu anakula kwangu na salamu hanipi," Ruqia alizoea kusema.

Ruqia mwenyewe alikuwa mtu wa watu. Alicheka na kila mteja. Alijua nani amejifungua na nani anauguza. Mtu mkimya alimtia shaka. Basi akampima paka kwa kipimo hicho hicho, na hapo ndipo alipokosea.

Siku moja mwaka wa 1996, mkulima mmoja kutoka Kegonga alileta mahindi. Jina lake Machuki. Walipomaliza kushusha magunia, Machuki aliuliza:

"Mama, hawa paka wako wanashika panya kweli? Kwangu panya wameimaliza ghala."

"Huyu mweupe ni mzuri. Yule mwingine hata sijui. Ngoja nikuonyeshe."

Ruqia aliingiza mkono nyuma ya magunia. Paka wa kijivu alirudi nyuma mpaka ukutani. Masikio yake yalilala, mkia ukafura. Akatoa sauti ya kutisha. Ruqia hakujali. Alimshika mguu wa nyuma, akamvuta. Paka akamkwaruza mkono mpaka damu ikatoka.

Wateja wakacheka. Ruqia aliona aibu, na aibu ikageuka hasira.

"Mchukue," alimwambia Machuki. "Mchukue leo leo. Sitaki kumwona."

Wakamtia kwenye gunia. Machuki akalizungusha gunia mara tatu, kama watu wengi wanavyofanya, ati paka asahau njia ya kurudi. Paka alilia sana humo ndani. Kisha lori likaondoka.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha mama mkwe wake Ruqia, mzee Nasteha. Macho yake yalikuwa yamefifia, na hakuwa msemaji sana. Siku ya tatu Ruqia alimpelekea chai. Alimkuta amekaa kitandani, mkono unapapasa blanketi.

"Mama, unatafuta nini?"

"Paka wangu wa kijivu. Huja alasiri, watu wakipungua dukani. Hulala hapa miguuni pangu. Mimi namwita Sultana. Siku hizi simsikii."

Moyo wa Ruqia ulishtuka. Kumbe paka yule alikuwa na jina. Kumbe alikuwa na rafiki, ndani ya nyumba hii hii, naye Ruqia hakujua. Angesema ukweli hapo hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini aliogopa.

"Yupo tu, Mama," alisema. "Atakuja."

Mzee Nasteha akaacha kupapasa. Akanywa chai yake.

Wiki ile ile panya wakaanza sherehe. Walitoboa magunia ya mahindi, wakaacha mavi kwenye mchele. Bosi aliwatazama tu, akageuka upande wa pili na kuendelea na usingizi. Kazi yote ilikuwa ikifanywa na yule aliyejificha.

Jumamosi alikuja jirani yao Mellen kununua njugu. Mellen alifanya kazi katika idara ya mifugo. Aliona mkono wa Ruqia, ambaye majirani walimwita Mama Abdi.

"Mama Abdi, nani amekuumiza hivyo?"

"Paka."

"Ulienda hospitali?"

"Kwa kucha za paka?"

"Ndiyo, kwa kucha za paka. Kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake. Paka akikuuma au akikukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wewe umechelewa, lakini nenda leo."

Ruqia akamweleza yote. Mellen alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipomvuta, masikio yake yalikuwaje?"

"Yamelala kichwani."

"Na mkia?"

"Umefura."

"Basi alikuambia, 'Niache, naogopa.' Alikuambia mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akatumia kucha. Wewe ndiwe ambaye hukusikia."

"Lakini Bosi hana shida. Hata watoto wanambeba."

"Bosi ni Bosi," Mellen alisema. "Paka wana tabia mbalimbali, kama sisi. Kuna mcheshi. Kuna mwoga. Kuna anayependa mtu mmoja tu. Wengine huzaliwa hivyo. Wengine hawakuzoea mikono ya watu walipokuwa wadogo. Mwoga si mbaya, Mama Abdi. Anataka mahali pa kujificha, na umngoje aje mwenyewe."

Ruqia alitazama chini. Aliona amemdhulumu kiumbe, na bado amemdanganya mzee.

Alienda hospitali, akachomwa sindano. Kesho yake akapanda gari kwenda Kegonga kumtafuta paka. Machuki alimpokea vizuri, lakini uso wake haukuwa na raha.

"Mama, yule paka hayuko," alisema. "Nilimfunga kamba kwenye nguzo ya ghala ili azoee. Siku mbili hakula. Nikadhani ni kiburi. Siku ya tatu nikakuta ameikata kamba kwa meno."

"Hukumtafuta?"

"Nilimtafuta. Hata wanangu walimtafuta."

Ruqia alizunguka shamba la mahindi mpaka jua likawa kali. Aliita "Sultana" kwa sauti ya chini. Jina hilo alikuwa hajalitamka hata siku moja paka alipokuwa kwake. Hakuna kilichotoka.

Aliporudi Migori alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, akaketi sakafuni.

"Mama, nisamehe. Paka wako nilimpa mtu. Nimemfuata leo, sikumpata. Na mimi nilikudanganya."

Mzee Nasteha aligeuza uso kumwelekea.

"Nilijua," alisema. "Siku ile nilimsikia akilia kwenye gunia. Nilikuwa nangoja uniambie."

Ruqia alilia. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na yake yalikuja na mzigo mara mbili.

Baada ya mwezi mmoja Mellen alimletea paka mdogo mweusi, mwoga sana. Safari hii Ruqia alifuata maagizo. Alimweka katika chumba kimoja kisicho na kelele, pamoja na maji, chakula, na boksi la kujificha. Karai la mchanga la kwendea haja aliliweka mbali na chakula. Hakumfunga kamba. Hakumvuta. Kila siku aliketi sakafuni bila kumkazia macho. Siku ya kumi na mbili paka alitoka, akanusa vidole vyake.

Ruqia alifurahi. Akaenda kumwambia mama mkwe wake.

"Mama, huyu atakuwa wako."

"Hapana," mzee Nasteha alijibu kwa upole. "Mimi Sultana wangu alikuwa mmoja. Huyu kaa naye wewe."

Ruqia akakaa naye. Paka alikua, panya wakapungua, magunia yakapona. Wateja wakiinama kumchungulia nyuma ya magunia, humuuliza Ruqia, "Mbona huyu anajificha?"

"Mwacheni," Ruqia hujibu. "Ndivyo alivyo."

Ni neno jepesi sana. Kila akilisema, humkumbuka Sultana, ambaye hakuwahi kumsemea neno hilo.