Rangi ya Geti kwenye Mlango wa Babu

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu, akala haraka haraka, kisha akaingia bandani kuendesha gari lisilokwenda. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa kuongea bila kituo. Lakini ndani ya gari la marehemu babu alinyamaza. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya bati, vumbi likaelea polepole, na usukani ukanukia tumbaku kwa mbali. Alifumba macho, na barabara zikafunguka mbele yake, moja ikizaa nyingine, zikipita juu ya mito na mawingu.

Babu alikuwa akiendesha kiwiko kikiwa dirishani. Kwa miaka mingi kiwiko hicho kililamba rangi ya buluu ya mlango, likabaki doa la mviringo kama mwezi.

Sasa gari lilikuwa linauzwa. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, na fedha za matibabu hazikuonekana kwingine. Shangazi alilipiga picha, akaliweka kwenye mnada wa mtandaoni na kuandika: "Halijaguswa."

Neno hilo lilimtia Chiriku aibu. Kwake, kitu kisichoguswa kilikuwa kama kitanda kisichotandikwa. Watu wangesema familia hii ni ya wavivu. Akachukua rangi iliyobaki walipopaka geti, buluu vilevile, akaufunika ule mwezi.

Jioni hiyo shangazi alikuwa sebuleni, anachekea simu.

"Mama, dau limepanda tena. Hawa watu wanasifu hadi vumbi."

"Basi wasifu na mafua yangu," bibi akasema.

"Wanalitaka lilivyotoka kiwandani na lilivyozeeka lenyewe. Lingepakwa upya, wangeuliza tunaficha nini. Ile alama ya kiwiko ndiyo imewapagawisha."

Chiriku aliyasikia hayo akiwa kizingitini. Akinyamaza, picha zile zingemdanganya mnunuzi kwa niaba yake. Akisema, huenda bibi angebaki katika ukungu wake.

"Shangazi," alisema, "limeguswa."

"Nini?"

"Mlango. Nimeupaka rangi ya geti. Nilidhani nawasaidia."

Shangazi aliweka simu chini. "Wewe mtoto, umetumaliza."

"Mwache," bibi akasema. "Amesema mwenyewe. Andika ukweli."

"Na macho yako, mama?"

"Sitaki kufunguliwa macho kwa kumfumba mwenzangu."

Shangazi alipiga picha nyingine, akaandika yote. Mnada ukanyamaza kama darasa mwalimu mkuu akiingia. Hatimaye, usiku huohuo, mtu aliyejiita Mzee wa Spana akapiga simu. Aliuliza kama rangi ilikuwa bado mbichi. Ilikuwa mbichi.

"Chukueni kitambaa laini na mafuta ya taa kidogo," alisema. "Futeni taratibu, na mrekodi video, wote waone."

Chiriku alifuta, pumzi ameibana, shangazi akirekodi. Buluu ya geti ikaja kitambaani. Chini yake, ukingo kwa ukingo, mwezi wa babu ukachomoza.

Madau yakaanza tena, na Mzee wa Spana akawashinda wote. Alipokuja kulichukua gari, shangazi alimuuliza kwa nini hakuogopa.

"Mtandaoni kila mtu ananionyesha uzuri," alijibu. "Ninyi mlinionyesha kosa. Baada ya hapo nikaziamini picha zenu zote."

Kabla ya kuondoka alimwacha Chiriku ashike usukani mara ya mwisho. Barabara zilifunguka tena, na safari hii babu alikuwa pembeni, kiwiko dirishani.

Bibi alitibiwa. Siku aliyorudi nyumbani alisimama nje kwa muda mrefu, akiangalia kila kitu kana kwamba kimetoka kuoshwa. Kisha akamshika Chiriku bega.

"Mjukuu wangu, mlango tuliufuta kwa kitambaa. Lakini ungenyamaza, jina letu lingechafuka, na hilo halifutiki kwa mafuta ya taa. Ukikosea, sema kosa lingali bichi."

"Ndiyo, bibi."

Bibi akaligeukia geti, akakunja uso. "Na rangi hii mbaya, nani aliichagua?"

"Ni wewe, bibi."

"Aa," bibi akasema. "Macho yale."