Aliyeachwa Ndani ya Kompyuta Mama

Jua lilikuwa linazama nyuma ya majengo, na makarani wa kampuni ya bima walikuwa wameshajiondokea, Bi Kinyaa aliposhuka ghorofa ya pili na kitambaa chake na chupa yake ya spiriti. Aliitiwa jambo dogo tu. Kibodi ya mdogo wake inanata.

Jina la Bi Kinyaa alipewa na ofisi nzima, naye hakulikataa. Alikuwa fundi wa kompyuta asiyegusa kibodi ya mtu kabla ya kuifuta mara mbili. Kikombe chake alikifungia kabatini kwa ufunguo. Akikuona umelamba kidole ili ufunue karatasi, karatasi hiyo usimpe, atakuomba umsomee ukiwa umeishika mwenyewe.

Mdogo wake, ambaye tangu utoto aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao, alikuwa bado amekaa kitini. Shingo ilimtoka kwenye kola kama mpini wa ufagio.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Wali, sahani mbili."

"Umeshiba?"

Kitinda akatikisa kichwa.

Hilo ndilo lililomnyima Bi Kinyaa usingizi. Kwa miezi sasa msichana alikuwa anakula kama mchimba kisima, na anakonda kama mtu anayefunga mfululizo. Hospitali walipima damu, walipima mkojo, wakasema hana kitu. Alichukua likizo akapata nafuu, aliporudi kazini mwili ukaanza tena kuisha. Mama yao alikwisha kufa, na Bi Kinyaa ndiye aliyemlea huyu mtoto tangu akiwa wa kubebwa. Sasa alikuwa anamwona akimponyoka mikononi, na hajui amshike wapi.

"Haya, kibodi imefanya nini?"

"Kibodi ni kisingizio, dada. Shida yenyewe niliona haya kuiandika."

Kitinda akageuka nyuma kutazama viti vitupu. Akanong'ona.

"Nikiingia tu kwenye mashine... mdomo wangu unakuwa si wangu. Kuna kinywa cha mtu mwingine ndani ya kinywa changu. Naisikia ladha yake. Nayasikia meno yake. Dada, huyo mtu hapigi mswaki."

Bi Kinyaa alijifuta midomo.

"Na wenzako?"

"Nani atasema? Utaanzaje? Lakini wote siku hizi wanatembea na pipi za mnanaa."

Ni kweli. Bi Kinyaa alitazama ndoo za taka chini ya meza. Zote zilijaa maganda ya pipi. Akamkumbuka mhasibu aliyetoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, na yule dada wa mapokezi ambaye pete ilimponyoka ikaingia kwenye sinki. Ofisi nzima ilikuwa inakonda, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

"Mficha uchi hazai," alisema kwa hasira. "Mngesema mapema. Toka hapo, nikae mimi."

Pale ofisini hakuna karani aliyekuwa na kompyuta yake mwenyewe. Mezani palikuwa na skrini, kibodi na kiboksi kidogo, basi. Kompyuta zenyewe zilikuwa chumba cha seva, ghorofa ya chini, na wala hazikuwa vyuma bali nakala tupu zilizotolewa kwenye moja iliyoitwa kompyuta mama. Kila usiku nakala zote zilifutwa. Kila asubuhi mama alizaa nyingine, safi, zinazofanana kama vifaranga. Ukimtia mama kasoro moja, watoto wote wanaamka nayo. Mafundi pekee ndio waliokuwa na kompyuta za kubeba, zao wenyewe, na ndiyo maana Bi Kinyaa hakuwahi kuonja alichokionja mdogo wake.

Aliifuta kibodi. Akaifuta tena. Akaandika jina lake na nywila.

Skrini ikafunguka.

Mdomo wake ukajaa.

Kwanza ulikuja uvuguvugu, kama wa maji ya kusukutulia yaliyokwisha kutumika. Halafu utando mzito juu ya ulimi. Ulimi wake ukatambaa wenyewe, ukakuta gego lililovunjika upande wa kushoto, upande ambao yeye alikuwa na meno yake yote. Ndani ya tundu la gego hilo kulikuwa na uzi wa nyama. Nyama ya zamani. Ulimi ukauvuta... ukaufyonza...

Bi Kinyaa aliruka kitini akatema kwenye ndoo. Yalitoka mate matupu, masafi. Akatema tena mpaka machozi yakamtoka. Alipobonyeza kutoka kwenye mashine, ladha ikaondoka papo hapo.

"Umeona?" Kitinda alinong'ona.

"Nyamaza kwanza."

Alijaribu meza ya pili, ya tatu. Gego ni lile lile. Basi ubovu haukuwa kwenye meza, wala kwenye nakala. Ulikuwa kwa mama.

Wakashuka chumba cha seva wakiwa wameshikana mikono kama walivyokuwa wakifanya utotoni. Mlango ulipofunguliwa hewa ya mashine iliwapiga usoni. Siku zote chumba kile kilikuwa baridi na kilinukia plastiki. Jioni ile hewa ilikuwa ya joto, na ilinuka kama kinywa cha mtu aliyelala mchana akiwa amekiacha wazi. Feni zilivuta... zikatoa. Zikavuta... zikatoa.

Bi Kinyaa alijifunga kitambaa puani, akaunganisha kompyuta yake, akamfungua mama kuangalia nani yumo. Hapaswi kuwemo mtu. Kabla ya kumfunga mama ili aanze kuzaa, fundi lazima ahakikishe kila aliyeingia ametoka na nyayo zake zimefagiliwa, la sivyo kila nakala itazaliwa na vitu vya mtu huyo: mipangilio yake, picha zake, uchafu wake. Hata fundi mwanafunzi anajua.

Alikuwemo mmoja.

Mzee Tafuna.

Hakutoka. Alikuwa ameacha wazi tu, kama mtu anayerudisha mlango bila kufunga komeo.

Mzee Tafuna alikuwa fundi mkuu kabla yake. Walimwita hivyo kwa sababu hakukosa kitu mdomoni hata siku moja, karanga, andazi, mwisho hata vijiti vya meno. Siku aliyomaliza kumrekebisha huyu mama, walimkuta kitini amekodoa macho, mdomo wazi, hajafa wala si mzima. Wakambeba wakampeleka kwake. Meneja akasema mama yuko tayari, fungeni, kazi isilale. Bi Kinyaa akafunga. Kwa haraka za siku ile, hakuangalia ndani.

Alimpigia simu mke wa mzee.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Mzee anaendeleaje?"

Sauti ya mke ikashuka. "Vile vile, mwanangu. Hali kitu tangu siku ile. Hata maji hayateremki."

"Pole sana, mama. Atakuwa amedhoofu mno."

"Amenenepa."

"Ati?"

"Amenenepa, mwanangu. Juzi shati tumelikata kwa mkasi. Kucha zimezama kwenye nyama. Na mchana, saa za watu kula... anatafuna. Kinywa kitupu, anatafuna, mafuta yanamtoka pembeni mwa midomo. Mimi siku hizi nakula nje. Siwezi."

Bi Kinyaa alimtazama mdogo wake, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa kukosa nguvu za kusimama. Sahani mbili za wali. Kumbe ziliteremkia huko.

"Mama, mzee bado yumo kwenye mashine yetu. Nataka kumtoa."

"Usimtoe!" Mama yule alinong'ona kwa pumzi moja. "Aliniambia usiku wa mwisho kabla ya kupatwa. Na yeye alimkuta mtu mle. Akamtoa. Akasema, mke wangu, mle hapakai patupu. Atokaye anaacha nafasi, na nafasi inamtaka aliyemtoa."

Bi Kinyaa hakuwa mtu wa kuamini mambo ya gizani. Lakini kwa gego lile alikuwa ameshaamini. Akili ilimwambia ajenge mama mpya. Kazi ya wiki mbili hiyo, tena kwa ruhusa ya meneja. Kitinda alikuwa ameteleza ukutani, amekaa sakafuni, midomo imebadilika rangi. Wiki mbili angezitoa wapi?

Akabonyeza.

Skrini ikauliza: *Mtumiaji huyu ana kazi ambayo hajaihifadhi. Mtoe?*

"Nisamehe, mama," alisema kwenye simu.

Mtoe.

Feni zilisimama. Zote.

Kwenye simu kukasikika kitu kikipasuka, cha majimaji. Kisha kutapika. Kutapika kusikokoma, kama ndoo inayomwagwa juu ya saruji, na sauti ya yule mama ikilia juu yake. "Yarabi! Wali... wali mzima mzima... mayai... nyama... na nywele, mwanangu, zinatoka nywele..." Bi Kinyaa alitaka kukata simu, kidole hakikutii. Alisikia hadi mwisho, hadi matone.

Halafu sauti ya mwanamume, nyembamba, iliyochoka.

"Maji. Nipeni maji nisukutue."

Feni zikaanza tena kuzunguka, zikitoa hewa baridi. Chumba kikanukia plastiki.

"Dada," alisema Kitinda kutoka sakafuni, macho yamefunguka vizuri. "Nina njaa. Njaa ya kweli."

Bi Kinyaa alimkumbatia, akalia. Kisha akageukia skrini. Waliomo ndani ya mama: mmoja. Jina lake mwenyewe. Akabonyeza kutoka. Jina likabaki. Akachomoa waya, akazima kompyuta yake, akaiwasha.

Likabaki.

Usiku ule aliapa kwamba kukicha ataanza kujenga mama mpya, meneja apende asipende.

Kulikucha. Wakati makarani walipoingia kwenye mashine zao, Bi Kinyaa alikuwa peke yake chooni, amejiinamia kwenye sinki. Vilimjia vyote kwa pamoja. Chai ya mhasibu. Fizi za dada wa mapokezi. Sigara ya meneja, makohozi yake, jino lake la bandia. Mdomo mmoja juu ya mwingine, na ulimi wake ukipita kote. Alisugua meno hadi yakatoka damu, na hata damu hakuijua ni ya nani. Alitaka kufa kwa kinyaa.

Kufikia saa nne hakutaka kufa tena. Alikuwa ameshiba na usingizi unamchukua. Mama mpya hakuanzwa.

Mchana Kitinda alimfuata mezani na sahani yake, anacheka, mashavu yamerudiwa na rangi.

"Wenzangu wanasema mdomo umekuwa mtamu leo, hakuna kitu. Karibu, dada. Tangu jana hujatia kitu tumboni."

"Nimeshiba. Kula wewe."

Kitinda akala. Alikula kwa pupa, sahani ikafika nusu, mkono bado una haraka. Bi Kinyaa alikaa mbele yake, midomo amefumba, koo lake likipanda na kushuka kila mdogo wake alipomeza. Alijua alichokuwa anakifanya. Alifungua mdomo amwambie: acha kazi, ondoka leo hii, usiguse tena mashine ya ofisi hii.

"Weka chumvi kidogo," alisema.