Tangazo la Iliki Kundini

Jamani wenye makundi ya kazi kwenye simu, sogeeni. Na wewe unayejibu "Mashallah" kila tangazo, usijifiche nyuma, maneno haya ni yako pia.

Uweso ni tabibu wa zahanati huku Ngamiani, na mkewe, Sabra, huuza viungo. Jumapili moja Sabra alipanda milima ya Amani kununua iliki kwa wakulima. Uweso akabaki barazani kwake Nguvumali na chai yake ya maziwa, moyo umetulia. Akapiga picha iliki zilizobaki ndani, akaitupia kwenye kundi letu la matabibu, kundi la kuulizana magonjwa na dawa: "Iliki safi, ndugu zangu! Karibuni!"

Haikuwa mara ya kwanza. Leo iliki, kesho mdalasini. Na sisi watu wa pwani kwa muhali, kuoneana haya hata kukatazana, mmh! Tukamjibu "Mashallah", "Biashara njema", na makofi juu, wala hakuna aliyenunua hata punje. Waliochoka, kama Ritha wa kituo cha afya kule bondeni, walizima mlio wa kundi. Asmahani, msimamizi wetu, aliona yote akanyamaza, kisa Uweso jirani yake.

Sasa sikilizeni. Juu tu ya picha ile palikuwa na ujumbe wa Tadeo, tabibu wa zahanati ya milimani: "Mama kaumwa na nyoka akichuma iliki. Mkono unavimba. Nani ana dawa ya sumu?" Mama huyo alikuwa Sabra, Tadeo hakumjua. Mumewe alitangaza chini ya ujumbe ule bila kusoma juu, na pongezi zetu zikaufukia.

Dawa anayo Ritha, na simu yake kimya. Tadeo alingoja jibu, akaona iliki. Kwake hupita ujumbe tu, ikabidi apande pikipiki hadi mahali simu ya sauti inaposhika, akapigia vituo kimoja kimoja hadi akampata Ritha. Gari likapeleka dawa. Sabra akapona, alhamdulillahi, ila kidole kimoja kilikuwa kimeoza, kikakatwa.

Wodini akamuuliza mumewe, "Ujumbe wa Tadeo hukuuona?"

"Nilikuwa natangaza, mke wangu."

Sabra akageukia ukutani. Uweso akalia mbele yetu tuliokwenda kumjulia hali, akamwambia Asmahani, "Dada, nitoe kundini. Sistahili."

"Sikutoi," Asmahani akasema. "Utakaa humu usome kila neno la wenzako. Biashara nimezifungulia kundi lake. Ukitangaza huku tena nitakutoa, na ujirani wetu utabaki palepale."

Kumbe maneno yalikuwa mepesi hivyo! Tangu siku hiyo anayeuliza kundini kwetu hujibiwa.

FUNZO

Kundi la kazi si gulio. Ukiingia, soma kwanza ndipo uandike. Kuuza si haramu, kuna mahali pake. Nawe msimamizi, mwambie mwenzio mapema, kwa upole na bila kuzungukazunguka. Nyoka alimuuma Sabra, lakini kidole chake kilikwenda na muhali wetu.