Mfupa Usioshika Ulimi

Redio ya Motorola ilikoroma mara mbili, ikanyamaza, ikakoroma tena mara moja.

Hiyo ilikuwa amri. Mbili na moja: zuia, usiue.

Siti Ridhiwani, askari wa wanyamapori, akaongeza moto. Honda yake nyekundu ilishika barabara ya Kasulu kwenda Kibondo kama iliyotumwa na mwenye haraka. Mbele yake, mita mia tatu hivi, Land Cruiser nyeupe ilikuwa inateremka kuelekea daraja la Malagarasi. Nyuma ya gari kulikuwa na masanduku matatu ya mbao, yamefungwa kamba za katani, mafundo mawili mawili.

Saa nne asubuhi. Wakivuka mpaka wa Mabamba, basi.

Na huko Kasulu, mahabusu, alikaa Venanti, mlinzi wa ghala la maliasili. Siku ya tano leo. Pembe nne za ndovu zilitoweka ghalani, na ufunguo anao yeye peke yake. Kosa lake lilikuwa ukarimu. Profesa Bruno, mgeni anayechimba mifupa ya kale kando ya mto, alimwomba masanduku yake yakae humo siku mbili, yasiibwe. Venanti akamfungulia, akampa na stuli ya kukalia wakati anapanga vitu vyake. Pembe zisipoonekana leo, ni jela miaka ishirini, na mtoto wake wa mwisho ndiyo kwanza anaota meno.

Siti alilipita gari, akalaza pikipiki katikati ya daraja.

Breki zililia.

Profesa alishuka akitabasamu. Kofia ya kaki, viatu vya buti vilivyopigwa rangi vizuri mno kwa mtu anayeshinda matopeni. Siti aliviona viatu kwanza. Kwenye kiti cha nyuma alibaki kibarua wake, Ndayikunda, mkazi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ameshika koleo magotini kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake.

Profesa alitoa kibali. Muhuri upo, sahihi ipo, na umri wa mifupa umeandikwa: miaka laki tatu. Akamkaribisha dada afungue apendavyo, ila asivunje kitu, kwani hiyo ni mali ya dunia nzima.

Anakaribisha upesi hivi?

Siti akafungua sanduku la kwanza. Taya la kiboko, zito kama jiwe la kusagia. Alilifuta kwa upindo wa mtandio, akaligusa kwa ncha ya ulimi. Profesa akacheka, akauliza kama serikali haiwapi askari wake chakula.

Mfupa uliogeuka jiwe una vitundu vidogo visivyoonekana, hunyonya mate.

Ulimi ukanata.

Wa kweli.

Sanduku la pili: mbavu na pingili za uti wa mgongo. Ulimi ukanata tena.

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Isack, mkuu wake, akimwita kwa namba yake.

"Tano, toa taarifa."

"Mawili safi."

"Basi waachie. Huyo mtu ana kibali, usinitafutie balaa."

Isack siku zote huogopa muhuri. Siti alizima redio. Akamgeukia Ndayikunda, akamwamkia, akamuuliza polepole kazi ya mtoni ilikuwaje.

Yule baba aliangalia viatu vya profesa, kisha akaangalia maji.

"Mama, kesi, hizi sanduku, zenye tulichimba ni mbili tu. Hii ya tatu sikuione ikitoka mu udongo."

Tabasamu la profesa likakauka.

Siti akakata kamba ya sanduku la tatu. Juu kulikuwa na mifupa minne ya miguu, rangi ya kahawia iliyoiva. Chini yake, madonge manne marefu ya plasta, kila donge lina tarehe na sahihi ya profesa. Profesa alisema madonge hayo hayafunguliwi kabisa, mifupa iliyomo ni laini kama majivu.

Siti aliuonja mfupa mmoja.

Haukunata. Ulikuwa na ladha ya majani ya chai, ndiyo yaliyoupa rangi ile ya kahawia.

Akatoa sindano ya kushonea magunia, akaipasha kwa kiberiti cha gesi mpaka ikawa nyekundu, akaichoma kwenye mfupa. Moshi mwembamba ukatoka. Ulinuka nywele zilizoungua. Jiwe halinuki hivyo.

Akaugeuza. Ulikuwa umepasuliwa kwa urefu, mapigo mawili ya shoka, la pili limekaa juu kidogo ya la kwanza. Siti alikua nyuma ya bucha la baba yake, mzee Ridhiwani, sokoni Kasulu. Mpasuo ule aliujua tangu hajaota magego. Hupasuliwa hivyo ili uboho utoke vizuri kwenye sufuria.

"Profesa," alisema, "unasema huyu ana miaka laki tatu. Nani alimpasulia kongoro?"

Mkono wa profesa ukaingia dirishani, chini ya kiti.

Siti hakutoa bastola yake ya Glock. Alitumia kilichokuwa mkononi. Mfupa wa ng'ombe ukatua juu ya kifundo cha mkono, kwa sauti ya bucha Jumamosi, na bastola ndogo ya Beretta ikaanguka juu ya lami.

Pingu. Klik, klik.

Pigo moja likapasua donge la kwanza. Ndani ya plasta, pembe ya ndovu, imeandikwa namba ya ghala kwa rangi nyeupe. Akapasua la pili, la tatu, la nne. Zote nne. Tarehe ya kwenye plasta ilikuwa ya siku ambayo masanduku yalikuwa ghalani, na chini yake jina la profesa, kwa mkono wake mwenyewe.

Akawasha redio, akamwita mkuu wake kwa jina lake la redioni.

"Kilima, pembe nne, zina namba zake. Mtoe Venanti."

Isack akakohoa, akauliza amejuaje.

"Lete gari kwanza. Na lete watu wa makumbusho, masanduku mawili ni ya kweli. Ndayikunda anayalinda, na jina lake liandikwe, yeye ndiye aliyechimba."

Gari la Isack lilipofika, Siti alishaiinua pikipiki. Alitema mate mtoni, akavaa helmeti, kisha akaisogeza redio mdomoni mara ya mwisho.

"Venanti akitoka, mwambie namdai asante, nitaipokea kwa kikombe cha chai. Hii ya profesa haina sukari."