Kiini Kilichokataa Kujengwa

"Zima hiyo nukta kabla hawajamfikia. Tukiingia sasa watamuua. Mwisho."

Redio ya kikosi ikanyamaza. Mwiba, mwanamke aliyewahi kuruka kutoka kwenye lori linalokimbia akaamka anajikung'uta vumbi, akabaki ameikodolea macho kompyuta.

Bastola aina ya Glock ilikuwa kiunoni. Angempiga nani?

Ng'ambo ya mji, mdogo wake wa kiume alikuwa amejipenyeza kwenye ghala la wauza silaha, akijifanya kuli. Ndani ya mshipi wake kilishonwa kifaa cha kuonyesha alipo, nukta nyekundu kwenye kompyuta ya Mwiba. Asubuhi kifaa kiliingiwa na wazimu, kikawa kinarusha mawimbi bila kupumua, na sasa makuli walipangwa foleni wakipimwa kwa mashine ya kunasa mawimbi. Dawa ilikuwa moja: kukirushia kiini kipya cha mfumo, yaani programu inayokiendesha, kikae kimya.

Kiini kilikwisha kuandikwa. Iliyogoma ni kompaila, programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa lugha ya mashine.

Kosa.

Akarekebisha mstari, akaiamuru kompaila ikijenge tena.

Kosa, mstari mwingine.

"Mkuu, hii kompaila mpya uliyotuletea ni mbovu."

"Kosa huwa lako, Mwiba," Mkuu wao alisema, amesimama nyuma ya kiti cha Mwiba. "Ndiyo kanuni yetu. Kagua kazi yako."

Kanuni hiyo walilishwa tangu mafunzoni, wakaimeza bila kutafuna. Mwiba akakagua. Akarudia kukagua, mjinga yule, huku nukta nyekundu ya mdogo wake ikiwakawaka kwenye skrini.

Simu ikatetema.

"Dada," sauti ilinong'ona, "wamebaki watatu mbele yangu. Simu wanazikusanya. Fanya kitu, jamani!"

"Vumilia, mdogo wangu."

Akajichukia kwa kulisema neno hilo.

Hapo akachukua kiini cha wiki iliyopita, kile kilichojengwa bila tatizo, akakijenga bila kugusa hata herufi.

Kosa.

Basi mchawi ni kompaila! Akalivamia kabati, akatoa kompyuta kuukuu ya ThinkPad ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilishia kompaila.

"Nani amekuruhusu?" Mkuu alifoka.

"Hakuna."

Akakitia humo kiini kipya, maandishi yakaanza kuteremka kwenye skrini, polepole. Kazi hiyo haiharakishwi kwa risasi wala kwa machozi. Mwiba akakaa, mikono mapajani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Tayari. Akarusha.

Nukta ikazimika.

Ofisi nzima ikashangilia, isipokuwa yeye. Kifaa kikitulia, nukta huzimika. Kikigunduliwa na kupondwa, huzimika vilevile.

"Kikosi, ingieni!" Mkuu aliamuru.

Milio ya risasi ikasikika redioni. Kisha sauti ya kikosi ikarudi.

"Ghala letu. Silaha zote tunazo, na bosi wao tumemtoa chini ya meza."

"Na ndugu yangu?"

"Wote wamelala kifudifudi, sioni sura... Ngoja. Kuna mmoja analia, anamwita dada yake."

Mwiba akafunga kompyuta. Akavaa miwani ya jua, akampita Mkuu bila kumtazama, akashuka ngazi kwa madaha.

Ghorofa ya chini, ambako hakuna aliyemwona, akaivua miwani. Akakaa kwenye ngazi, na kwa muda mrefu hakuweza kuinuka.